Gari Limepatikana

Mamlaka ya Gari la Taifa ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wa mjini na wa milimani, kwamba uhaba wa magari nchini umekwisha. Gari limepatikana.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Kassimu, Mkuu wa Kitengo cha Uwiano wa Soko. Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Adriano, alilisoma redioni kwa sauti ya mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nje ya karakana yetu hapa Gitega, limefunikwa kitenge kipya. Jina lake Tujane, maana yake twende pamoja. Wapo wakorofi waliouliza kwa nini gari ni moja tu. Hao hawaelewi mambo ya viwanda. Kiwanda chenye magari mengi uwanjani ni kiwanda kilichoshindwa kuuza.

Sisi tuliuza. Soko lilipositasita, Serikali ilinunua kwa niaba ya soko, kisha ikalikabidhi gari kwa Mamlaka ilitunze, na Mamlaka, kwa kuwa kazi yake ni kuuza, ikaliuza tena kwa Serikali. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumeuza magari manne, yote ni lile lile, na halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niambieni ni kiwanda gani cha Ulaya kimewahi kufika hapo.

Tujane ni kazi ya mikono yetu. Bodi ilitoka Japani, injini ilitoka kwenye gari lingine la Japani, na matairi yaliingia kupitia mpaka wa Tanzania kwa utaratibu ambao Kitengo changu hakikuona haja ya kuuchunguza. Usukani ndio wetu hasa. Nchi hii tunaendesha upande wa kulia, magari mengi tunayoagiza yana usukani kulia vilevile, na ndugu zetu waliorudi kutoka Tanzania wamezoea kuendesha kushoto. Kamati ya Usukani ilikaa muda mrefu, ikala brosheti nyingi, ile mishikaki ya mbuzi, na mwishowe ikatoa uamuzi usiomkwaza mtu. Usukani ukae katikati.

Dereva wetu Chabani, mtoto wa mafundi wa Muyinga mjini, aliitazama ile kazi akajikuna kichwa.

"Mheshimiwa, mi nitakaa hapa katikati, sawa. Sasa nyinyi mutakaa wapi?"

"Bon, pembeni yako," akasema Mheshimiwa. "Mi kushoto, Kassimu kulia. Serikali iko pande zote za soko."

Mheshimiwa Adriano ni mtu mwenye mwili. Katika majaribio ilionekana kwamba Tujane linakata kona za kulia bila shida, lakini kona za kushoto kiwiko cha dereva kinagota kwenye tumbo la Mkurugenzi Mkuu. Mamlaka haikuhangaika. Tuliongeza mstari katika maelekezo ya matumizi: kabla ya kona ya kushoto, abiria wa kushoto avute pumzi.

Lakini wananchi hawakununua. Siku moja Mheshimiwa aliniita foleni. Nasema foleni kwa sababu wakati huo ofisi yetu ilikuwa imehamia kwenye foleni ya esansi, yaani petroli. Tujane lilikuwa huko, na Mheshimiwa hawezi kukaa mbali na mali ya umma. Alikuwa ameweka mafaili juu ya boneti, na katibu wake akipokea wageni kwenye kivuli cha lori.

"Kassimu, soko inatuchukia?"

"Haiwezi, Mheshimiwa. Itakuwa imepotoshwa."

"Na nani?"

Swali zuri linastahili utafiti. Nilitafuta usafiri wangu mwenyewe, nikaenda Muyinga, nikapanda hadi Butihinda, huko karibu na Tanzania, na huko, waungwana, nilimkuta mshindani wetu akiwa ametundikwa ukutani kwa mtu.

Alikuwa ingobyi. Kwa wasiojua, ni machela ya kusukwa, ndefu kama kitanda, yenye miti miwili ya kushikia begani. Mtu wa mlimani akiugua, jirani anapiga ukelele bondeni, wanaume wanaacha majembe, wanamlaza mgonjwa ndani na kukimbia naye hadi kituo cha afya. Mlima ule ulikuwa na Umoja wa Wabebaji, na mwenyekiti wake alikuwa Sebastiani, mkulima aliyekulia kambini Tanzania, mpole na msafi wa Kiswahili kama mtangazaji.

"Nauli ni kiasi gani?" nikamuuliza.

"Hakuna nauli, bwana. Akipona, anatuletea kibuyu cha pombe ya ndizi tunakunywa pamoja. Halafu aliyebebwa na yeye anakuja kubeba wenzake. Ndiyo sheria yetu, hatuna nyingine."

"Na mafuta mnapata wapi?"

"Maharage," akasema.

"Foleni yake ikoje?"

"Foleni ya nini?"

Nilitoa daftari nikaandika. Bei ya sifuri! Bidhaa isiyohitaji esansi, iliyosambaa kila mlima, inayomgeuza kila mteja kuwa mfanyakazi! Watu kama hawa wangenunuaje gari? Nilirudi Gitega nikaandika ripoti yenye kichwa "Hujuma", na Mheshimiwa aliposoma aliinua kichwa akiwa na machozi ya furaha, maana sasa tulijua kosa si letu.

Sisi si maadui wa soko huria. Soko liwe huru, ila liombe ruhusa. Basi tukatunga Kanuni ya Vyombo vya Kubebwa. Kila ingobyi iwe na namba ya usajili mbele na nyuma, honi na vioo viwili vya pembeni. Isibebe zaidi ya abiria mmoja. Isisimame mlimani. Kila mbebaji awe na leseni, na atakayebeba bila leseni, gari au chombo alichokuja nacho kitazuiliwa, na yeye mwenyewe atabeba chini ya usimamizi wa wenye leseni mpaka afaulu mtihani. Sentensi hiyo ya mwisho Mheshimiwa aliiongeza kwa mkono wake. Hapendi adhabu isiyofundisha.

Kwa kubana matumizi, niliwapangia wabebaji wote wa mlima ule mtihani siku moja, Muyinga mjini. Na siku hiyohiyo, kwa kubana matumizi zaidi, sisi tukaenda Butihinda na Tujane, lililokwisha kupata esansi, ili kuizuia ingobyi mpaka ipate namba, na kuwaonyesha wananchi gari lao.

Tulifika mchana. Mheshimiwa alikuwa amevuta pumzi tangu Gashoho, huko nyuma njiani, na alishuka akiwa na rangi ya zambarau. Nyumbani kwa Sebastiani tuliwakuta wanawake wawili tu. Mmoja alikuwa mama yake, Letisia, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Mwingine alikuwa mkewe Vumilia, mjamzito, tumbo liko mbele, amekaa kwenye mkeka na mkono kiunoni.

"Wanaume wako wapi?" akauliza Mheshimiwa.

"Si mmewaita nyinyi," akasema Letisia. "Wamekwenda mtihani. Wote. Hata Bonifasi mwenye kikohozi. Wamepakizana baiskeli kabla jua halijatoka."

"Très bien! Nidhamu iko juu."

Chabani alipanda ukutani, akaishusha ingobyi, akaifunga juu ya paa la Tujane. Mimi niliifunga utepe wa Mamlaka na kugonga lakiri. Vumilia alifuata kila fundo kwa macho.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "mimi mtoto wa kwanza nilizalia humu ndani, nikatoka damu nyingi sana. Muuguzi amenionya, safari hii nisithubutu kukaa nyumbani uchungu ukianza. Sasa mkiichukua hii, mimi nitafikaje zahanati?"

Mheshimiwa alimtabasamia kwa lile tabasamu tulilolifanyia mazoezi.

"Mama, utafika na gari! Kuanzia leo we ni abiria wa kiwanda cha taifa. Siku yako ikifika tu, unaandika barua Gitega, nakala moja Muyinga."

"Siku yangu ni leo," akasema Vumilia, akakunja uso na kushika mkono wa mkwewe. "Imeanza toka asubuhi. Nilikuwa naomba tu warudi mapema."

Sina budi kusema kweli, niliogopa. Mimi ni mtu wa uwiano wa soko, sijui kuzalisha. Lakini Mheshimiwa aliona mbali kuliko sisi. Alisema hii ndiyo nafasi tuliyokuwa tukiisubiri, mteja wa kweli mwenye hitaji la kweli, akatoa simu yake ili arekodi kipindi cha redio njiani. Tukamlaza Vumilia kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa Letisia, Chabani akaingia katikati, na Tujane likaondoka likipiga honi.

Njia ya miguu inashuka moja kwa moja bondeni, inavuka daraja la magogo na kupanda hadi kituo cha afya. Gari halipiti pale. Ilibidi tuzunguke kwa barabara ya udongo, na barabara ile imejaa kona. Kona ya kulia tulipita. Ya pili ya kulia tulipita. Mheshimiwa alikuwa anaiambia simu yake kwamba Serikali ni mikono miwili ya upole inayolishika soko lisianguke.

"Mheshimiwa, kushoto inakuja," akasema Chabani.

"...kwa sababu soko ni kama mtoto mchanga, ndugu wasikilizaji..."

"Mheshimiwa, tumbo!"

"...huwezi kumuacha atambae peke yake..."

Mtu hawezi kuhutubia na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Kiwiko cha Chabani kiligota, usukani ukakwama, na Tujane, likiwa limeamua mambo yake lenyewe, likaacha barabara na kuingia taratibu kwenye shamba la migomba. Liliangusha mgomba mmoja, likajilaza juu ya wa pili, likazima. Hakuna aliyeumia. Migomba ilikuwa ya Bonifasi mwenye kikohozi.

Chabani alijaribu kuliwasha mara kadhaa. "Gari imekufa," akasema. "Na hata ingekuwa nzima, itatoka aje hapa?"

Nyuma, Vumilia alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika mkutano wowote. Letisia alikwishashuka. Aliomba panga, hakupewa, akaingiza mkono chini ya kiti cha Chabani akalichukua mwenyewe, na kuinua mkono kwenye utepe wa paa.

"Mama!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Hiyo ni lakiri ya Serikali!"

"Na huyu ni mkwe wangu," akasema Letisia, akakata. "Shika hapa."

"Nani?"

"Nyinyi ndio wanaume mliopo. Vua koti."

Nilijaribu kueleza kwamba Kanuni inataka leseni, namba ya usajili na vioo. Letisia alikuwa tayari anamlaza Vumilia ndani ya ingobyi. Nikavua koti. Wabebaji hupangwa kwa vimo ili mgonjwa asiteleze, lakini sisi hatukuwa na vimo vya kupangwa. Mimi na Chabani ni warefu, tukapewa nyuma. Mheshimiwa alipewa bega la mbele kushoto, na Letisia akashika kona ya nne mwenyewe, kazi ambayo wanawake wa mlima ule hawaifanyi wanaume wanapokuwepo. Tulishuka bondeni. Kila hatua Vumilia alimtelezea Mheshimiwa, na kila alipotelezea alimshika Mkurugenzi Mkuu sikio ili asianguke.

Darajani magogo yalikuwa yanateleza. Letisia akaita, "Badili bega!" Wabebaji wa kweli huhamisha mti kutoka bega hadi bega bila kukosa hatua. Sisi tulisimama, tukajadiliana, tukahamisha. Ng'ambo mlima ukaanza. Mheshimiwa alikuwa anahema, jasho limefika kwenye soksi.

"Tupumzike kidogo... quand même..."

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akasema Chabani. "Kanuni imekataza kusimama mlimani."

Sikuweza kujua kama Chabani anatania. Nilikuwa nimekaza macho kwenye mkono wa Vumilia, uliokuwa umeshika ukingo wa ingobyi hadi vidole vikabadilika rangi. Alikuwa hasemi tena. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, bila kupitia ngazi yoyote.

Ndipo tuliposikia kengele za baiskeli juu yetu. Wabebaji walikuwa wanarudi kutoka Muyinga, wamepakizana, wanaimba, kila mmoja na leseni mpya inachungulia mfuko wa shati. Sebastiani alikuwa wa mbele. Alimwona mama yake chini ya mti wa ingobyi, akajua. Aliitupa baiskeli majanini akaja mbio, akaingiza bega lake chini ya bega la Mheshimiwa, na Mheshimiwa akatoka upande wa pili. Wengine watatu wakatutoa na sisi. Hawakusimama. Mtu aliita, mabega yakabadilika, na ile ingobyi iliyokuwa inayumba mikononi mwetu ikanyooka na kupaa mlima kana kwamba haina kitu ndani.

Tulipofika kituo cha afya kwa miguu yetu, mtoto alikwishazaliwa. Msichana. Vumilia alikuwa hai, amelala, muuguzi anasema wangechelewa kidogo tu angesema mengine. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mheshimiwa alikaa karibu yangu akitazama viatu vyake.

Sebastiani akatoka. Alimshika Mheshimiwa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mheshimiwa, ahsante sana. Umembeba mke wangu. Sitasahau maisha yangu yote."

"Si kitu, ndugu yangu, si kitu. Serikali iko kwa ajili ya..."

"Sasa naomba leseni yako."

"Leseni ipi?"

"Ya kubeba." Sebastiani akatoa yake, akaifuta kwa kiwiko. "Mtihanini walitusisitizia sana. Walisema tukimkuta mtu anabeba bila leseni tusimwonee haya, hata awe nani. Na ile ingobyi haina namba. Na vioo sikuviona."

"Lakini ile sheria mi ndiye niliiandika!"

"Ndiyo maana tulidhani unaijua," akasema Sebastiani kwa upole kabisa.

Mheshimiwa alinigeukia. Mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma akiulizwa sheria lazima aseme ilivyo. Nilisema gari au chombo alichokuja nacho kinazuiliwa, na mbebaji anabeba chini ya usimamizi mpaka afaulu. Bonifasi, aliyekwisha kuambiwa habari za shamba lake, akakohoa, akauliza kama migomba nayo ina kifungu. Nikasema bado tunakiandaa.

Jioni ile mlima mzima ulikwenda shambani kwa Bonifasi na miti mirefu. Wakaipitisha chini ya Tujane, wakaita, wakainua. Gari la Taifa lilitoka migombani likiwa mabegani mwa wateja wetu, na lilipofika barabarani, kwa mara ya kwanza tangu litengenezwe, lilikata kona ya kushoto bila mtu kuvuta pumzi. Sasa liko uani kwa Sebastiani, limezuiliwa kihalali. Kuku wamelipenda. Hutaga katikati, pale mbele ya usukani.

Mheshimiwa alifanya mtihani wa kwanza wiki iliyofuata, akibebeshwa gunia la maharage. Nadharia alipata zote. Kwenye kubadili bega alilimwaga gunia darajani. Mtihani wa pili alilimwaga tena, lakini upande mwingine, na Letisia, ambaye Umoja umemteua msimamizi, alisema hayo ni maendeleo. Chabani alifaulu mara moja tu. Mimi nilifaulu ya tatu. Mheshimiwa bado. Kwa hiyo kila Jumamosi Mkurugenzi Mkuu anaondoka Gitega kwenda kubeba Butihinda, kwa namna anayoijua mwenyewe, na katikati ya juma ukelele ukipigwa Sebastiani humpigia simu, hata akiwa kwenye mkutano. Mara ya mwisho tulikuwa tunajadili ruzuku. Aliinuka na kuanza kuvua koti kabla simu haijakatika. Tumbo limepungua. Angetosha sasa kwenye Tujane, kama lingekuwa letu.

Jana aliniita ofisini, ambayo imerudi ndani kwa kuwa hatuna tena gari la kupanga foleni. Alitaka tangazo la redio, na safari hii alinisomea mwenyewe maneno anayotaka, akijikanda bega la kushoto. Nimeliandika kama alivyosema, sijaongeza neno:

Mamlaka ya Gari la Taifa ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wa mjini na wa milimani, kwamba uhaba wa wabebaji katika Butihinda umekwisha. Mbebaji amepatikana. Anaombewa asidondoshe.